Lile Pambano la Dakika Kumi na Nane

Kila Jumapili, saa saba mchana, tulikuwa tunafunga ulingo wenyewe. Watu wengi hudhani ulingo wa mieleka umekaa tu pale ukumbini siku zote kama ukuta. Thubutu! Ulikuwa unakuja vipande vipande nyuma ya lori: nguzo nne za chuma, mabomba, mbao kumi na sita zilizoandikwa namba kwa chaki, magodoro membamba, halafu turubai lililohitaji watu sita kulivuta mpaka likaze. Kocha, na ukubwa wake wote, alikuwa anavua saa, anaiweka mfukoni, anapiga magoti pamoja nasi kukaza kamba za chini. Alikuwa na utani wake kwamba mke ni wa kubembelezwa lakini turubai ni la kuvutwa, nasi tulicheka kila Jumapili kana kwamba ndiyo kwanza tunausikia.

Ukumbi wenyewe ulikuwa sinema ya zamani. Viti vya mbele viling'olewa kutupisha sisi, vya nyuma vilibaki na vitambaa vyao vyekundu vilivyotoboka. Nikifumba macho hata leo naisikia harufu ya dawa ya kuchua, ile inayochoma pua, imechanganyika na vumbi la mapazia. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na kioo kimoja tu. Ungecheka kuyaona majitu yenye shingo nene yamepanga foleni kwa adabu, kila mmoja na kikopo chake cha mafuta, yakisubiri zamu ya kujitazama. Mke wangu, aliyekuwa fundi wetu wa nguo, alikuwa anapita katikati yao na sindano mdomoni, anawafokea wasijikune kabla hajamaliza kuwashonea.

Mimi nilikuwa refa. Kwa ajili ya lile shati letu waliniita Mistari, na jina hilo limeniganda mpaka wajukuu zangu wanalitumia wakidhani sisikii.

Naomba nieleze jambo mapema, maana wajuaji ni wengi. Ndiyo, yetu ilikuwa mieleka ya maonyesho na mshindi alijulikana tangu mchana. Ngumi nyingi zilikuwa zinapiga hewa. Lakini kudondoka ni kudondoka, mgongo haujui kwamba umepangiwa. Kitu cha uongo hasa kilikuwa ile chuki. Waliotaka kutoana roho mbele za watu walikuwa wamekula sahani moja saa mbili kabla, na wakishuka ulingoni waliulizana, "Sikukuumiza, ndugu yangu?"

Na refa katika kazi ile si mwamuzi, ni tarishi. Ukiniona nimeinama juu ya mtu aliyelala chali, wewe unadhani nakagua mabega, kumbe namwambia, "Zimebaki dakika mbili, jiandae, anakuja na kiwiko." Nilikuwa napeleka maneno ya huyu kwa yule, na ya wote wawili kwa Kocha, aliyekaa chini kwenye meza ya kengele na kuendesha kila kitu kutoka pale. Nilikuwa na mamlaka moja tu ya kwangu mwenyewe. Mtu akiumia kweli, nainua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha. Nikishaiinua, kengele inagongwa na pambano limekwisha, Kocha atake asitake. Kanuni hiyo aliitunga yeye. Siku aliponifundisha alinishika bega akasema, "Mwanangu, ukiwa mle juu, wewe ndiye mkubwa wangu." Nilitembea wiki nzima nimetoa kifua mbele.

Lazima mjue nilivyompenda mtu yule, la sivyo hamtaelewa kitu. Alinikuta nachana tiketi mlangoni, sina baba, sina mbele wala nyuma, na akaniona nina sauti na macho mepesi. Alinifundisha kazi. Nilipotaka kuoa, ndiye aliyevaa koti akaenda kuniposea, akakaa kwa wakwe zangu kama mzazi kamili na kunisifia sifa nyingine ambazo hata mimi nilikuwa sizijui. Kabla ya kila onyesho alinirekebishia tai yangu ya kipepeo kwa vidole vyake vinene. Sijawahi kurekebishwa nguo na mwanamume mwingine yeyote.

Halafu kulikuwa na Radi.

Alikuja kwetu binti wa miaka ishirini, mwembamba, miguu mirefu, mdomo mwepesi. Wanaume wetu walikuwa wanadondoka kama makabati. Yeye alikuwa anadondoka kama shuka. Alikuwa anakimbilia kamba, anaruka, na ukumbi mzima unavuta pumzi kabla hajatua. Mimi aliniita Kaka Mistari na alinitania bila huruma. "Kaka, leo umehesabu polepole, mpaka nilianza kusinzia." Nilimpenda kama mdogo wangu wa kuzaliwa, au ndivyo nilivyojiambia.

Pambano lake na Jabali ndilo lililotupa jina. Jabali alikuwa mwanamke mpana, mpole, mkimya, ambaye nje ya ulingo alikuwa anafuma sweta. Siku ile ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Radi alipigwa, akainuka, akapigwa tena. Akalia machozi. Akatambaa kuelekea kwenye kamba huku akimwomba mwenzake kwa mikono. Watu waliokuja kucheka walisimama wote, wanaume wazima wanafuta macho, wanapiga makofi mpaka vumbi linashuka darini. Likawa ndilo pambano letu bora. Filamu yake ikaonyeshwa kila mwaka kwenye sherehe ya kampuni, na kila mwaka mtu alisimama kusema kwamba hajapata kuona mtu anayeigiza maumivu kama yule binti. Mimi nilikuwa nakaa meza ya mbele. Nilikuwa napewa mkono.

Radi hakuigiza tena baada ya siku ile. Bega lilikataa. Tulisema alidondoka vibaya, bahati mbaya, ndiyo kazi ilivyo, na tukampata msichana mwingine.

Miaka ishirini na sita imepita. Mwaka huu, mwanzoni mwa mwaka, wanawake watatu waliokuwa wanamieleka wetu walikwenda mbele ya kamati ya chama cha mieleka wakasema mambo ya Kocha. Wakafika watano. Walisema kuhusu ofisi yake ya nyuma ya jukwaa, ile iliyokuwa na kochi la kijani, na kuhusu alichokuwa anakiita darasa la ziada. Walisema aliyekubali alipangiwa kushinda, na aliyekataa alikiona cha moto. Radi alikuwa wa tano. Alisema alimkataa siku ya Alhamisi, na Jumapili yake Jabali alitumwa ampige za kweli.

Nilikasirika, nisifiche. Lakini sikumkasirikia Kocha. Niliwakasirikia wao. Niliona wamekuja kuninyang'anya Jumapili zangu, mimi mzee ambaye sina kingine cha maana cha kusimulia.

Kocha alinipigia simu asubuhi moja nikiwa namwagilia mboga uani. Sauti imezeeka lakini bado ile ile. "Mwanangu, watakuita. Nimeliandika jina lako, wewe ndiye shahidi wangu. Jabali ametangulia mbele za haki, mtangazaji wetu wa ulingoni hajui hata ameamkia wapi. Umebaki wewe tu uliyekuwa mle juu. Waambie kazi yetu ilivyo, basi."

"Niwaambie nini, Kocha?"

"Kwamba kila kitu kilikuwa kinapangwa. Si ndiyo ukweli?"

Nikamwambia ndiyo. Na kwa juu juu ulikuwa ukweli.

Nilipoingia ndani, mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake, anapindua kola ya shati langu jeupe. Hata hakuuliza nani amepiga.

"Utasema alikuwa anaigiza," akasema.

"Nitasema tulikuwa tunapanga. Tulikuwa hatupangi?"

"Baba, mimi ile nguo ya Radi niliikata kwa mkasi." Aliinua mguu kwenye cherehani ikanyamaza. "Hospitalini. Niliishona mwenyewe, na nilijua inavuliwa vipi, lakini mkono ulikuwa hauinuki. Nikaikata kuanzia kwapa mpaka kiunoni. Yeye anatetemeka, ananiomba radhi kwa kuharibu nguo. Nikaja nyumbani nikakuuliza. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Kwamba alidondoka vibaya."

"Nilikuuliza mara moja tu. Sikurudia kwa sababu niliogopa jibu." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na mimi nilikuwa nampenda yule mzee. Aliyekuja kuniposa ni nani? Kwa hiyo usidhani nakusuta nikiwa nimekaa pembeni. Lakini leo nakuuliza tena. Alikwambia kwamba anapigwa kweli?"

Nilitazama ile kola. Alikuwa ameipindua vizuri, huwezi kujua kwamba upande wa pili umechakaa.

"Mara moja," nikasema. "Aliniambia mara moja."

Ulikuwa uongo, na nilikuwa nimejidanganya nao miaka mingi kiasi kwamba ulitoka bila kukwama.

Kamati ilikaa Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye ofisi za chama, ghorofa ya kwanza. Meza ndefu, chupa za maji, televisheni kubwa kwenye kigari cha magurudumu. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria wa kike mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Radi alikaa upande wa dirisha na daftari mbele yake. Nywele zimeingia mvi kidogo, na ule mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Alinitazama akasema, "Shikamoo, Kaka Mistari," kama vile tulionana jana. Nikaitikia marahaba.

Kocha alikuwa amekonda. Suti ilikuwa inamvaa yeye. Aliniona, akanyanyuka kwa shida, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, na mbele ya wote akanyoosha mikono akaiweka sawa kola yangu. "Mwanangu, umepungua," akasema. "Huyo mama hakulishi?" Nilitaka kulia hapo hapo. Nawaambia kweli, kama angeniomba wakati ule nimbebe mgongoni mpaka kwake ningembeba.

Wakili wake ndiye aliyeanza kuniuliza. Kijana nadhifu, haraka haraka.

"Mzee, mapambano yenu yalikuwa yanapangwa?"

"Ndiyo."

"Mtu kulia, kuomba, kutambaa, ilikuwa sehemu ya kazi?"

"Ndiyo. Tulifundishwa."

"Kwa hiyo na pambano hili tunalolizungumzia lilipangwa."

"Lilipangwa," nikasema. Alishaanza kukaa. Nikaongeza, "Lilipangwa la dakika nane."

Sijui hata ilitoka wapi. Nilikuja na jibu langu zuri limekunjwa kama leso, na likabaki mfukoni. Labda ni ule ugonjwa wa kazi: refa hata akisahau jina la mkewe, dakika hasahau.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Filamu hii ina dakika kumi na nane, mzee wetu."

"Ndiyo, mama."

"Dakika kumi zilizozidi ni za nini?"

Nikamwomba waiwashe, na sauti waizime. Nilikuwa nimeiona filamu ile mara nyingi kuliko nilivyoiona picha ya harusi yangu, lakini siku zote na makofi yake. Bila makofi ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa mwanamke mkubwa anampiga mwanamke mdogo, na mimi pembeni nikirukaruka na shati langu la mistari.

"Simamisha hapo," nikasema. Mimi wa kwenye televisheni nilikuwa nimeinama. "Hapo Radi ananiambia, ananipiga kweli, mwambie aache. Nikaenda kwa Jabali. Jabali analia pia, tazameni vizuri, anasema ametumwa na akiacha hana kazi. Nikaenda kwa Kocha. Kocha akasema, bado hajashika adabu, rudi."

Wakili alikuwa anapekua karatasi zake bila kuzisoma.

"Endelea... Hapo. Hapo bega limeshatoka. Akaniambia, Kaka, bega. Nikarudi mezani. Kocha akasema, watu wamesimama, huoni? Nikarudi nikamwambia, kaza kidogo, dada."

"Ulimwambia akaze," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe ulikuwa na uwezo wa kulisimamisha?"

Wakili wa Kocha aliinua mkono, nadhani alitaka kupinga swali, lakini nilikuwa nimeshajibu. Niliwaeleza ishara ile na maana yake, na nani aliitunga. Nikawaambia nilikuwa nimeitumia mara nne katika kazi yangu, mara moja kwa mtu aliyeteguka kidole tu.

"Kwa nini siku hiyo hukuitumia?"

Nilimtazama Kocha. Alikuwa ananiangalia bila hasira, kama mtu anayesubiri nimalize mchezo nirudi kwenye akili zangu.

"Kwa sababu nilimpenda huyu," nikasema. "Na kwa sababu ukumbi wote ulikuwa umesimama. Tulihangaika miaka na miaka na kile kiukumbi, mama, watu wanakula karanga huku sisi tunavunjika migongo. Siku ile walisimama. Nilikuwa katikati ya makofi yale, na ilikuwa nzuri. Sijui niseme vipi. Nilijua, na bado niliiona nzuri. Nimekwenda kuitazama kila mwaka kwa sababu ilikuwa nzuri."

"Mwanangu," Kocha akasema polepole. Basi, neno hilo tu. Nilikuwa nimelisubiri neno lile katika kila chumba nilichoingia tangu nina miaka kumi na tisa. Nikamjibu, "Naam, Kocha," kwa sababu ya mazoea, lakini sikugeuka.

Mwenyekiti alikuwa anaandika. "Katika filamu unainama mara tatu. Ya tatu?"

"Ya tatu nilimwambia imebaki dakika moja."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwenyekiti akaniambia ahsante, akamgeukia Radi na kumuuliza kama ana swali kwa shahidi. Mimi nilishaanza kusukuma kiti nyuma.

"Ninalo moja," Radi akasema. "Kaka, hiyo mara ya tatu. Wewe uliniambia dakika moja. Mimi nilikwambia nini?"

Niliomba Mungu awe amesahau. Alipigwa sana kichwani siku ile, nilijipa moyo kwamba atakuwa amesahau. Mke wangu hakuwahi kulisikia hili. Mwenyewe nilikuwa nimelifukia mahali ambapo nilikuwa sipiti.

"Hukuniomba nisimamishe," nikasema. "Ulishaona sisimamishi. Uliniambia mama yako yuko safu ya tatu. Ukaniomba nimwambie asipige makofi."

Mtu mmoja upande wa kamati aliweka kalamu chini.

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Alikuwa anapiga?"

"Alikuwa amepanda juu ya kiti, dada. Anapiga makofi, anacheka, anawaonyesha watu. Anawaambia, yule ni wangu, yule nimezaa mimi."

Radi aliangalia daftari lake. Alipoongea, hakuwa anaongea na kamati.

"Mama alilisifu lile pambano mpaka anaingia kaburini. Wageni wakija, lazima alisimulie. Nikawa namwacha, ningemwambia nini? Halafu miaka ikaenda, na nikaanza kuona labda sikuyasema yale maneno. Labda nilipigwa nikaota. Maana kama niliyasema, na kuna mtu aliyasikia..."

"Uliyasema," nikamwambia. "Niliyasikia vizuri sana."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kitu kifupi, akamwambia mwenyekiti kwamba hana swali jingine.